Mysuru kwa mwendo wa mgonjwa

Kusindikiza mgonjwa India kuna kipindi ambacho hakuna anayekutayarisha nacho. Upasuaji umeisha, mshono umeanza kukauka, mmeruhusiwa kutoka wodini, lakini daktari hajaruhusu mpande ndege. Mnakaa kwenye chumba cha kupanga jirani na hospitali mkisubiri kliniki na vipimo vya damu. Hela inatoka kila siku, na kutwa nzima mgonjwa analala akitazama feni. Baba yangu mdogo, fundi seremala wa Tanga, alibadilishiwa valvu ya moyo Bengaluru. Katika kusubiri huko alifika mahali akaacha hata kuuliza leo tunakula nini, na hilo lilinitisha kuliko upasuaji wenyewe. Ndipo nikaanza kuulizia Mysuru, mji wa wafalme ulio kama kilomita 140 kutoka Bengaluru.

Waswahili wengi tunafika Bengaluru kwa matibabu au masomo, na karibu kila mmoja huuziwa Mysuru kwa namna ileile iliyotutesa sisi mara ya kwanza. Naandika ili mwingine asipitie huko.

Tuliuziwa ziara ya basi ya siku moja. Orodha ilivutia: Srirangapatna, kasri la mfalme, bustani ya wanyama, kilima cha Chamundi, kanisa kuu la Mtakatifu Filomena, bustani za Brindavan, na kurudi usiku. Tuliondoka kabla ya jua kutoka, siku ya Jumanne. Bustani ya wanyama ya Mysuru hufungwa kila Jumanne, jambo linalojulikana mji mzima, na aliyetuuzia tiketi hakusema kitu. Kaburi la Tipu Sultan, mtawala wa Mysuru wa karne ya 18, tulioneshwa kupitia dirishani. Muda mrefu kuliko wote tuliupoteza kwenye duka la hariri na mafuta ya msandali, mwongozaji akinywa chai na mwenye duka huku abiria tukizungushwa kaunta hadi kaunta. Kasrini tulifika limekaribia kufungwa. Mle ndani huingii na viatu, na kuna ngazi za kupanda. Baba mdogo alikuwa peku, anasukumwa na umati, anaambiwa aharakishe, mpaka akakaa chini katikati ya ukumbi akishika kifua. Nilimfuata mwongozaji kumwomba tupumzike kidogo, akajibu kwamba basi halimsubiri mtu.

Tulirudi Bengaluru usiku wa manane. Sikulala. Kila baada ya muda niliinuka kumsikiliza anavyopumua, huku nikiwaza nitawaambia nini watu nyumbani. Asubuhi, nilipodhani atasema hataki tena kusikia neno Mysuru, aliniambia: "Ule mlango wa fedha wa kasrini sikuuona, niliona migongo ya watu. Mwanangu, turudi."

Sikukubali hapohapo. Kwanza nilikwenda naye kliniki nikamwambia daktari kila kitu, pamoja na ule mchana wa kasrini. Alimpima, akaturuhusu kwa masharti: gari lisimame kila baada ya saa moja anyooshe miguu, ngazi azipande kwa kupumzika, dawa ya kuzuia damu kuganda asiikose hata siku moja, na asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula, maana mboga hizo huingiliana na dawa ile. Tulibeba dawa za siku za ziada na nakala ya ripoti ya kuruhusiwa hospitali. Ripoti hiyo iweke kwenye mkoba wa mkononi, isiwe kwenye sanduku. Ukipata dharura kwenye mji mwingine, ndiyo itakayomweleza daktari mgeni mgonjwa wako ni nani.

Safari hii tulikodi gari na dereva. Kabla ya kupatana, uliza vitu vinne: bei inajumuisha kilomita ngapi kwa siku, posho ya dereva ni juu ya nani, ada za barabara na maegesho ni za nani, na kama siku ya kurudi inahesabiwa kamili. Bei ya kwanza utakayotajiwa mara nyingi ni ya kilomita peke yake. Mengine yanakuja mwishoni, mkiwa mmechoka na hamna nguvu ya kubishana.

Jambo jingine la kumwambia dereva mapema ni njia. Barabara kuu mpya ya kasi iliyofunguliwa mwaka 2023 inakufikisha Mysuru upesi sana, lakini inaikwepa miji yote ya katikati. Ukitaka kuiona, sema tangu asubuhi kwamba mnatoka kwenye barabara ya kasi. Sisi tulitaka Channapatna.

Kwenye ile ziara ya basi Channapatna haikuwemo kabisa. Ni mji wa vinyago vya kuchezea watoto vya mbao, na mafundi wake wanakereza. Dereva alituulizia karakana moja ndogo, tukaingia na kukaribishwa viti. Kijana mmoja alikuwa kwenye mashine ya kukereza, anatengeneza kichezeo cha mtoto cha kusukuma. Mbao ni nyeupe, nyepesi, haina mafundo. Akishaipa umbo, anachukua kijiti cha lakiri chenye rangi, anakigandamiza kwenye mbao ileile inavyozunguka. Joto la msuguano linaiyeyusha lakiri na rangi inajipaka yenyewe, mduara mzima kwa mara moja, nyekundu, kisha njano kando yake bila kuingiliana hata kidogo. Halafu akachukua kipande cha jani refu kikavu, akakibana juu ya mbao, na mng'ao ukatokea.

Baba mdogo aliinuka kwenye kiti. Aliliomba lile jani, akalipapasa kingo, akalinusa. "Huu ni mkadi," akasema. Na kweli, ni jani la mti wa jamii ya mkadi, ule ambao maua yake kwetu Pwani akina mama huyatia kwenye vikuba. Yeye na yule kijana hawakuwa na lugha moja. Waliongea kwa vidole: unene wa patasi, mwendo wa mashine, mahali pa kuanza kukata. Mwenye karakana akaleta chai. Inasimuliwa huko kwamba kazi hii ilishika kasi Tipu Sultan alipowaita mafundi kutoka Uajemi. Tulikaa hadi dereva akaja kuuliza kama tumepatwa na neno. Kwa mara ya kwanza tangu upasuaji nilimwona mzee akiwa na haraka ya kesho.

Kutoka hapo tulipita Maddur, tukala vada zake maarufu za vitunguu, aina ya bajia, zikiwa za moto, kisha Srirangapatna. Hapa nina msimamo, na sitauacha: usianze na kasri la Mysuru. Anza na Srirangapatna, kilomita kumi na tano hivi kabla ya kuingia mjini, maana bila kujua kilichotokea hapo, kasri linabaki kuwa jengo zuri tu.

Srirangapatna ni kisiwa katikati ya mto Kaveri, na palikuwa makao makuu ya Hyder Ali na mwanawe Tipu Sultan, waliotawala Mysore, jina la zamani la Mysuru na ufalme wake, huku wafalme wa ukoo wa Wadiyar wakibaki na jina tu. Tipu aliwapiga Waingereza na kuwasumbua miaka mingi. Askari wake walikuwa na roketi zenye mirija ya chuma wakati Ulaya haikuwa na silaha ya namna ile. Biashara yake ilifika mbali pia, alikuwa na kituo Muscat kikiuza msandali na pilipili manga, kwa hiyo bahari yetu aliijua. Tarehe 4 Mei 1799 ngome ilivunjwa na yeye akauawa mle ndani akipigana. Waingereza wakamweka kwenye kiti cha enzi mtoto anayekaribia miaka mitano wa ukoo wa Wadiyar, Krishnaraja wa Tatu, na makao yakahamia Mysuru. Utajiri wote utakaouona kasrini unaanzia kwenye siku ile.

Daria Daulat, jumba la Tipu la kupumzikia lililojengwa 1784, ukilitazama kwa nje unaweza kulidharau, kwa sababu mapazia ya kijani ya kukinga jua yameshushwa pande zote. Ingia. Sehemu kubwa ni mbao ya msaji. Baba mdogo amechana misaji ya Longuza, Muheza, tangu ujana wake, basi alizunguka nguzo baada ya nguzo akitazama viungo, akanionesha pale mbao mbili zilipokutana bila mwanya baada ya miaka zaidi ya 200. Kuta zimechorwa kuanzia chini hadi juu. Ukuta wa magharibi unaonesha vita vya Pollilur vya 1780: jeshi la Waingereza limezungukwa, gari lao la baruti linalipuka, na kamanda wao, Kanali Baillie, yumo kwenye machela. Tulipokwenda sisi mgeni alilipa rupia 300, Mhindi 25. Kwa Mtanzania wa kawaida tofauti hiyo inauma, lakini jumba hili linastahili.

Gumbaz, kaburi la Tipu na wazazi wake, liko mwisho wa bustani ndefu iliyonyooka. Mwombe dereva asogeze gari kadiri anavyoruhusiwa, maana njia ile juani ni ndefu kwa mgonjwa. Nguzo za nje ni za jiwe jeusi lililosuguliwa hadi linang'aa, na ndani kuta zimepakwa mistari ya chui milia, alama ya Tipu. Milango yake ya mbao nyeusi iliyopachikwa pembe za ndovu ililetwa na Lord Dalhousie, gavana mkuu wa Waingereza India, mwaka 1855. Baba mdogo aliomba dua, akaswali adhuhuri msikitini hapo pembeni, kisha akarudi kwenye mlango akasimama tena kimya. Baadaye garini aliniuliza swali moja tu: pembe hizi zilitoka kwa tembo wa wapi? Kwa mtu wa Tanga, aliyekulia kwenye njia iliyoteremsha pembe pwani kupelekwa India, swali hilo halikuwa la udadisi.

Mysuru tuliingia jioni na tukakutana na tatizo ambalo ningependa kila mgeni alijue mapema. Nyumba ya wageni ikipokea mgeni wa nje ni lazima imwandikishe kwenye mfumo wa serikali kwa fomu iliyozoeleka kwa jina la Fomu C. Nyumba nyingi za bei ndogo hazijajiunga na mfumo huo, au hazitaki usumbufu, kwa hiyo zinakukatalia mapokezi hata kama umelipia kwenye simu. Tulikataliwa milango miwili, mzee amekaa garini amechoka. Piga simu kabla, uliza wazi: mnapokea wageni wa nchi za nje? Beba nakala za pasipoti na viza kwa karatasi. Na uliza kama kuna lifti. "Ghorofa ya kwanza" ya huko haimaanishi chini.

Tulipanga makusudi tuwepo Jumapili, kwa sababu kasri huwashwa taa zake zote Jumapili na sikukuu za kitaifa, saa moja usiku, kwa muda usiotimia saa nzima. Wakati wa Dasara, sherehe ya siku kumi ya Septemba au Oktoba, taa huwaka kila usiku, na siku ya mwisho tembo hupita amebeba kiti cha dhahabu chenye uzito wa kilo 750. Kwa mgonjwa sishauri Dasara. Mji unajaa hadi barabarani, na vyumba hupanda bei au hukosekana kabisa.

Asubuhi tulifika kasrini kabla ya kufunguliwa saa nne. Wageni huingia kwa lango la kusini, la Varaha. Usipojua hilo, utazunguka ukuta mrefu, na kwenye kona za ukuta huo ndiko wanakosubiri madereva wa bajaji wenye maneno matamu: kasri limefungwa hadi mchana kwa ibada, lakini leo kuna soko maalumu la ubani na mafuta, nitakupeleka kwa rupia chache. Hakuna ibada wala soko maalumu, kuna duka linalomlipa kamisheni. Jibu ni kuendelea kutembea hadi dirisha la tiketi.

Ukiwahi saa nne, unakuwa na kumbi nusu tupu. Kasri la kale lilikuwa la mbao, likaungua mwaka 1897 wakati wa harusi ya binti mfalme. Hili la sasa lilichorwa na Mwingereza Henry Irwin na kukamilika 1912. Ukijua habari ya moto, unaelewa kwa nini ukumbi wa harusi umesimama juu ya nguzo za chuma zilizosubuliwa Glasgow, na paa lake ni vioo vya rangi vyenye tausi. "Mbao iliwaunguza, wakakimbilia chuma," alisema Baba mdogo, kwa uchungu wa mtu anayetetea kazi yake. Lakini mbao haikufukuzwa kabisa. Kuna milango ya rosewood, mti wa ukoo mmoja na mpingo wetu, iliyochongwa na kupachikwa pembe. Na mlango wa fedha aliuona, karibu, mpaka akaridhika. Mlinzi alimwita Ajja, yaani babu, akamsogezea kiti chake cha plastiki akae. Hatukumwomba.

Mchana apumzike, usimkatalie. Mimi nilitoka peke yangu hadi soko la Devaraja, nikapita kwenye mafungu ya kumkum, unga wa kujipaka kwenye paji la uso, wa rangi zote na watu wanaosokota asumini na kuiuza kwa urefu wa mkono. Beba noti ndogondogo. Watu wote huko wanalipa kwa simu kwa kupiga picha msimbo, na wewe usiye na akaunti ya benki ya India mara nyingi hutaweza. Muuza ndizi hana chenji ya rupia 500.

Usiku tulirudi kwenye uwanja wa kasri mapema, tukapata ukingo wa kukaa. Balbu karibu 100,000 ziliwaka kwa pamoja na umati mzima ukapiga kelele, wazee kwa watoto. Ondokeni dakika tano kabla hazijazimwa. Kila mtu hutoka kwa wakati mmoja, na bajaji zote hupandisha bei hapohapo.

Kilima cha Chamundi tulikipanda kwa gari, tukaliacha lile jambo la ngazi zaidi ya elfu moja kwa wenye afya. Ng'ombe wa jiwe moja, Nandi, aliye njiani, anafikika kwa gari pia. Brindavan tuliiacha kabisa: ni mwendo mrefu, msongamano, na chemchemi za muziki za usiku ambazo mzee hakuzitaka.

Siku ya kuondoka tulikwenda Somnathpur, kilomita 35 hivi mashariki, kwenye hekalu la Keshava la karne ya 13, lililoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023. Mabasi ya ziara ni machache huko. Jiwe lake ni laini linapochimbwa na hukomaa likikaa hewani, na mafundi wa ufalme wa Hoysala waliitumia nafasi hiyo. Baba mdogo aligusa kwa macho nguzo za ndani, pete juu ya pete, mduara kamili, akacheka kwa sauti. "Wamekereza jiwe!" Ndivyo ilivyo, nguzo zile zilizungushwa kwenye mashine ya kukerezea. Baadhi ya wachongaji waliandika majina yao chini ya kazi zao, na Mallitamma ndiye anayeonekana mara nyingi. Mzee aliniomba nimsomee jina hilo mara mbili.

Kuhusu zawadi: sabuni na mafuta ya msandali nunua maduka ya serikali, na msandali ghafi usiubebe, kuutoa nje ni marufuku. Mysore pak, kile kitamu cha unga wa dengu, samli na sukari, ni tamu sana ila haidumu. Nunua siku ya mwisho. Mgonjwa wa moyo aonje kipande kimoja.

Gari, malazi, viingilio na chakula vilitugharimu kama rupia 21,000 kwa watu wawili, na ile ziara ya basi ilikuwa chini ya 2,500. Tofauti ni kubwa, na tuliifidia kwa kuhamia chumba cha bei ndogo zaidi Bengaluru hadi siku ya ndege. Mwenye bajeti finyu na mgonjwa anayeweza kutembea atumie treni: za kawaida zinazosimama kila kituo ni rahisi mno, husimama Channapatna na Srirangapatna, na kituo cha Srirangapatna kiko ndani ya ngome ya kale. Panda za asubuhi, kwa sababu za jioni ya Jumapili kurudi Bengaluru zinajaa hadi mlangoni.